Nini kiliua maduka ya mtaani Uingereza? Mliokaa huko zamani njooni tukumbushane

#1 MzeeWaBelgrave

Wakuu, salaam. Wiki iliyopita nilikuwa Leicester kwenye msiba. Baada ya maziko nikasema nipite mtaa niliofikia mwaka 1981, kule nyuma ya Belgrave Road, nilione duka la kona lililonilea. Halipo. Dirisha limezibwa kwa matofali, pale palipokuwa na kaunta sasa ni chumba cha mtu cha kulala.

Mwenyewe alikuwa Mhindi wa Jinja, mmoja wa wale waliofukuzwa na Amin. Juu ya mlango aliweka kengele ndogo ya shaba. Ukisukuma mlango inalia, naye anatokea nyuma ya pazia huku anafuta mikono. Nyuma yake rafu nzima ya mitungi ya kioo yenye pipi. Unasema robo ratili. Anauinamisha mtungi juu ya mizani, pipi zinagonga bakuli moja moja, mizani ikisawazika anaongeza mbili, anazimimina kwenye mfuko wa karatasi, anaushika pembe mbili na kuuzungusha mara moja hewani. Mfuko ukishazungushwa hivyo haufunguki mpaka unafika nyumbani.

Wiki yangu ya pili nchini nilisimama mbele yake nikihesabu chenji kwa sauti ndogo, kwa Kiswahili, maana sarafu zao zilikuwa bado zinanichanganya. Akainua kichwa: "Wewe toka wapi, Tanga ama Mombasa?" Nilishindwa kujibu. Ilikuwa mara ya kwanza kusikia lugha yangu tangu nishuke kwenye ndege. Kuanzia siku hiyo nikawa na ukurasa wangu kwenye daftari lake: mkate na maziwa nachukua, nalipa Ijumaa.

Swali langu ni moja. Nini kiliua maduka haya? Mimi nasema supamaketi. Mwenye hoja nyingine aje nayo.

#2 BintiChumbageni

Pole na msiba, kaka. Mie wa Tanga, na hiyo "Tanga ama Mombasa" imenigusa. Sisi Coventry tulikuwa na mama mmoja wa Kigujarati kutoka Kisumu, anauza magazeti, kadi za siku ya kuzaliwa na ndimu. Akiniona tu: "Habari ya watoto?" Kiswahili kilichonyooka.

#3 kijana_wa_makole

Shikamooni wakubwa. Nipo Dodoma, sijawahi kufika huko. Hii High Street inayotajwa kila siku kwenye habari za Uingereza ni barabara ya wapi? London?

#4 KalamuYaZamani

@kijana_wa_makole marahaba. Si moja. Karibu kila mji una ya kwake, na hilo ndilo jina la barabara linalorudiwa kuliko yote nchini kule. Ni ile barabara ya katikati ya mji yenye benki, posta, bucha, duka la dawa, la viatu, kanisa pembeni na baa mbili tatu.

#5 Mwamba_wa_Kilosa

Inaitwa hivyo kwa sababu ilijengwa sehemu ya juu, kwenye mwinuko, mafuriko yasifike.

#6 KalamuYaZamani

Hapana mkuu #5, nyingi ziko bondeni kabisa. Neno lile kwa Kiingereza cha zamani lilikuwa na maana ya ukubwa wa hadhi. Angalia sisi tulivyotafsiri: High Court tukaita Mahakama Kuu, hatukuita Mahakama ya Juu Mlimani. Kwenye harusi mnasema meza kuu, hata kama imewekwa chini kuliko jukwaa la bendi. Basi huo ni Mtaa Mkuu.

#7 kijana_wa_makole

Meza kuu! Nimeelewa na sitasahau. Asante mkuu.

#8 Mkoloni_Hapana

Turudi kwenye swali. #1 anasema supamaketi, sawa, lakini supamaketi zilipata wapi nguvu? Kuna sheria ya mwaka 1964. Kabla yake mwenye kiwanda ndiye aliyepanga bei ya rejareja. Sabuni hii bei hii, kwa kila duka, dogo kwa kubwa. Sheria ile ikafuta utaratibu huo. Kuanzia hapo anayenunua malori kumi akawa na uwezo wa kuuza chini ya anayenunua katoni mbili. Huyo mzee wa Jinja alipofungua duka mwaka 1972 tayari alikuwa kwenye vita aliyoikuta katikati.

#9 Dereva_wa_Usiku

Gari ndilo lililoua. Brent Cross ilifunguliwa 1976, Metrocentre ya Gateshead 1986, Meadowhall ya Sheffield 1990, Bluewater 1999. Zote unaegesha bure, mvua haikupati, duka mia kwa paa moja. Pale mjini unatafuta nafasi nusu saa, unalipa, ukichelewa dakika tano unakuta karatasi ya faini kwenye kioo. Hata Leicester yenyewe, Fosse Park ilifunguliwa 1989 pembezoni kabisa karibu na barabara ya M1. Nimeendesha teksi mji huo miaka kumi na minne. Mwanzoni Jumamosi abiria wote walisema "nipeleke mjini". Mwishoni wakawa wanasema "nitoe mjini".

#10 Bi_Mkubwa_Ng'ambo

Wanangu, nimesoma yote. Mimi nilikuja kusomea uuguzi, 1966, toka Mombasa. Nawaombeni msilie sana juu ya maduka yale, maana mnayakumbuka mkiwa mmekwisha kujulikana.

Mji niliofikia, wa kaskazini, sitautaja, nilikuwa Mwafrika peke yangu kwenye ile barabara ya maduka. Bucha yenyewe nzuri, vigae vyeupe, vumbi la mbao limetandazwa chini kunyonya damu, nyama imetundikwa. Nasimama foleni. Ikifika zamu yangu, mwenye bucha anamwangalia aliye nyuma yangu: "Ndiyo, mama?" Naye anaagiza. Kisha wa nyuma yake. Nikishahudumiwa, chenji haiwekwi mkononi mwangu, inawekwa kaunta, nami nimenyoosha kiganja. Wiki baada ya wiki. Sheria ya kukataza ubaguzi katika kuuza bidhaa na kutoa huduma ilikuja 1968, lakini sheria haiwezi kumfundisha mtu kukuwekea sarafu kiganjani.

Halafu ikafunguliwa supamaketi. Nilichukua kikapu mwenyewe. Nilishika nyama mwenyewe, nikaigeuza nikaiona mafuta, nikairudisha, nikachukua nyingine. Hakuna aliyenitazama. Nilitembea mle ndani saa nzima kwa vitu vitatu, kwa raha tu ya kutomwomba mtu. Kwa hiyo mimi ni mmoja wa waliowaua hao wauza nyama na moyo wangu umetulia.

#11 BintiChumbageni

Shikamoo mama. Nimesoma mara mbili. Sina la kuongeza.

#12 MzeeWaBelgrave

Shikamoo Bi Mkubwa. Umenisahihisha, na nimekubali. Mimi nilifika Leicester wakati njia imekwisha kulimwa na wengine.

#13 Mwamba_wa_Kilosa

Hapo wakuu, ila nanyi mmezungukazunguka. Intaneti ndiyo iliyoua. Woolworths imekufa 2010 kwa sababu watu walianza kununua mtandaoni. Kampuni ya Waingereza tangu enzi na enzi, ikaanguka kwa simu za mkononi.

#14 KalamuYaZamani

Makosa matatu kwenye aya moja mkuu, na bado nakupenda. Kwanza asili yake ni Marekani. Duka lao la kwanza Uingereza lilifunguliwa Liverpool mwaka 1909. Pili, milango ya mwisho ilifungwa tarehe 6 Januari 2009, maduka zaidi ya 800, watu kama 27,000 wakakosa kazi. Tatu, mwaka 2008 kampuni ilipoanguka, wengi bado walinunua vitu vyao kwa miguu. Kampuni ilikuwa imeelemewa na madeni, na majengo yake mengi yalikuwa yameuzwa, ikawa inalipa kodi pale ilipokuwa mwenye nyumba.

#15 Zuhura_wa_MiltonKeynes

Jamani Woolworths! Zile pipi za kujichotea mwenyewe na koleo, unapima mwishoni! Wanangu wawili Jumamosi hawaendi popote kama hatukupitia pale. Nilinunua humo sufuria yangu ya kwanza, soksi za skuli, balbu, mbegu za kotimiri na santuri ya zawadi, duka moja, siku moja. Wiki zile za mwisho waliuza mpaka rafu. Niliona mtu wallahi kabeba ngazi ya duka begani anatoka nayo.

#16 Kipanga_Reading

Baada ya hapo ikawa msiba juu ya msiba. BHS 2016. Debenhams 2021, na hiyo ilianza 1778, kabla Seyyid Said hajazaliwa. Wilko 2023, yenye asili ya Leicester huko huko kwa Mzee, tangu 1930. Mimi nilifanya kazi miaka tisa kwenye duka moja kubwa la nguo ambalo sitalitaja. Tulipata habari ya kufungwa kwenye redio, tukiwa stoo tunafungua maboksi ya shehena mpya. Msimamizi wetu alikaa juu ya boksi akasema tumalizie kupanga tu, wateja wapo. Tukamaliza kupanga.

#17 Mama_Lishe_Dalston

Pole kaka #16.

Mimi nataka kuongelea chakula maana mnanichelewesha. Kuna mtu bado anakumbuka chipsi na samaki zikifungwa kwenye gazeti? Chumvi, siki ile ya kahawia, unatoboa tundu juu unachomoa moja moja barabarani, mvuke unakupiga usoni, wino wa gazeti unabaki vidoleni.

#18 kijana_wa_makole

Hiyo si mihogo ya Coco Beach tu?

#19 Dereva_wa_Usiku

Mihogo unataka? Nenda Belgrave Road, au Ealing Road kule Wembley, soma menyu: "mogo". Wahindi wa Afrika Mashariki waliondoka na neno muhogo, silabi moja ikapotea njiani. Mogo wa kukaanga, pilipili, ndimu. Mwingereza anaagiza na anadhani ni neno la Bombay.

#20 Zuhura_wa_MiltonKeynes

Na kuku paka! Nani kawaambia kuku paka ni ya Gujarat? Ile ni pwani yetu, tui la nazi lile.

#21 Mkoloni_Hapana

Mada imehamia jikoni, nairudisha. Nilitaka kusema kuhusu pesa zao. Wale wazee waliofika kabla ya Februari 1971 hawakupata tabu ya hesabu maana shilingi ya Uingereza na shilingi yetu zilikuwa kitu kimoja.

#22 Bi_Mkubwa_Ng'ambo

Hapana mwanangu, tabu tuliipata. Shilingi ishirini kwa pauni, hapo ni sawa na kwetu. Lakini shilingi yetu ilikuwa na senti 100, yao ilikuwa na peni 12. Pauni moja peni 240. Muuza duka anakuambia shilingi mbili na peni saba, wewe una noti ya shilingi kumi, kokotoa hapo hapo na watu nyuma yako. Tarehe 15 Februari 1971 walipobadili kwenda peni 100, Waingereza ndio waliokuwa wanalia. Sisi tuliona wamerudi kwenye akili.

#23 KalamuYaZamani

Hapo nimejifunza. Na vipimo walivililia hivyo hivyo. Kuanzia mwaka 2000 vitu vya kupima vilitakiwa kuuzwa kwa kilo, na mwaka 2001 muuza matunda wa Sunderland, Steve Thoburn, alitiwa hatiani kwa sababu ya mizani ya ratili aliyopimia ndizi. Ndizi! Kesi ikapanda rufaa mpaka leo wanafunzi wa sheria wanaisoma.

#24 Kipanga_Reading

Sokoni walikwepa hayo yote kwa kuuza kwa bakuli. Bakuli la nyanya pauni moja, bakuli la pilipili hoho pauni moja. Mara ya kwanza kuona hivyo Soko la Leicester nilisimama nikatabasamu, maana ni fungu la Kariakoo lilelile, kuna tofauti ya chombo tu. Wachuuzi wanaita wateja kwa sauti ya kuimba. Familia ya Gary Lineker, yule mchezaji, walikuwa na meza ya matunda pale pale.

#25 Mama_Lishe_Dalston

Na Marks and Spencer, ile kampuni kubwa ya maduka, ilianza meza ya sokoni, Leeds, 1884. Michael Marks alikuwa mhamiaji wa Kiyahudi, Kiingereza chake kidogo, akaandika bango: usiulize bei, kila kitu peni moja. Nawaambia wanangu kila siku, hata huyo alianza kama sisi.

#26 Mwamba_wa_Kilosa

Nimesahihishwa mara mbili lakini siondoki. Hoja yangu mpya: friji. Bibi wa Kiingereza wa miaka ya 1950 hakuwa na friji, alitoka na kikapu karibu kila siku. Nyama ya leo, maziwa ya leo. Ukiwa na friji na friza unanunua ya wiki. Ukinunua ya wiki unahitaji gari. Ukiwa na gari unaenda kwenye maegesho makubwa. Kwa hiyo #9 na mimi tunasema jambo moja, ila mimi nimeanzia mwanzo wake.

#27 Dereva_wa_Usiku

Hii sasa ni hoja. Hongera.

#28 Zuhura_wa_MiltonKeynes

Ongeza na kinamama kwenda kazini. Duka linafungwa saa kumi na moja na nusu jioni, mimi natoka zamu saa kumi na mbili. Nitanunua saa ngapi? Miji mingine ilikuwa na siku moja katikati ya wiki, Jumatano au Alhamisi, maduka yanafungwa tangu mchana mpaka kesho yake. Na Jumapili usiniulize. Nilishuka nchi hii Jumapili ya mwaka 1988, mji mzima milango imefungwa, hakuna mtu, nikamuuliza mume wangu nani kafa. Mpaka ilipokuja sheria ya 1994 ndipo maduka makubwa yakaruhusiwa kufungua Jumapili kwa muda wa saa sita.

#29 Kipanga_Reading

Na katika siku hiyo ya Jumapili nani alikuwa wazi? Mhindi wa kona. Alikuwa ndiye Mangi wao. Maziwa yameisha saa tatu usiku, unaenda kwa Mangi.

#30 BintiChumbageni

Enzi zetu tulisema kwa Mpemba.

#31 Mkoloni_Hapana

Kuna jambo hamjaligusa, kodi. Duka kule linalipa ushuru wa jengo la biashara unaokadiriwa kwa thamani ya pango, haujali umeuza au hukuuza. Duka la katikati ya mji, pango kubwa, ushuru mkubwa. Ghala la kampuni ya mtandaoni liko shambani, pango la mita moja ni dogo. Waliobaki mjini ni vinyozi, wauza sigara za mvuke, maduka ya kamari na maduka ya hisani, yale yanayouza vitu vilivyotolewa na watu ili kuchangia misaada, ambayo hayo ya hisani yana msamaha mkubwa wa huo ushuru.

#32 Mama_Lishe_Dalston

Na nguo za maduka ya hisani zisizouzwa zinaishia kwenye marobota. Dada yangu yupo Manzese, alifungua robota akakuta koti lina kadi mfukoni ya duka la Norwich. Maisha haya.

#33 KalamuYaZamani

Nami niongeze sababu yangu, naona ni kubwa kuliko zote: watoto walisoma. Wale wazazi waliamka alfajiri kupokea magazeti ili mtoto asirithi duka. Rishi Sunak, baba yake kazaliwa Kenya, mama yake Tanganyika, mama alikuwa na duka la dawa Southampton na kijana akamsaidia hesabu. Alirudi kukaa kaunta? Akawa Waziri Mkuu. Hawa wengine wakawa madaktari, wahasibu. Duka halikuuawa na mtu, lilimaliza kazi yake.

#34 Dereva_wa_Usiku

Hapana #33, hilo linaeleza ya Wahindi. Bucha ya Mwingereza ya Bi Mkubwa? Kiwanda cha mkate? Duka la misumari ya kupima? Hao watoto wao hawakuwa mawaziri.

#35 KalamuYaZamani

Margaret Thatcher, naye aliyekuwa Waziri Mkuu, alikuwa binti wa muuza duka, Grantham. Lakini nimekuelewa, mmoja hajengi hoja.

#36 MzeeWaBelgrave

Wakuu, nimerudi na habari. Kwa sababu ya uzi huu nilimtafuta binti wa yule mzee. Ni mfamasia, yupo Loughborough. Nikampigia. Nilipotaja kengele akanyamaza kidogo, kisha akasema anayo, ipo kwenye droo, na mizani ipo juu ya kabati la jikoni, huipimia unga wa chapati sikukuu.

Nikamuuliza moja kwa moja: baba alifunga kwa sababu gani? Supamaketi? Ushuru? Akasema: magoti. Mwaka 1998 magoti yalikataa ngazi, akauza jengo kwa aliyemjia wa kwanza. Biashara ilikuwa bado inalipa.

Nikamuuliza na daftari. Anasema baba yake alilichoma mwenyewe uani siku ya kufunga, watu wasije wakasumbuliwa.

#37 Zuhura_wa_MiltonKeynes

Alilichoma? Mola amrehemu.

#38 MzeeWaBelgrave

Yupo hai dada. Ana miaka 91. Alichukua simu akaniuliza kama nimewahi kurudi Tanga.

#39 Mkoloni_Hapana

Na hayo magoti yaliharibiwa na nini? Miaka ishirini na sita ya kunyanyua mafurushi ya magazeti alfajiri kwa sababu hana uwezo wa kuajiri, kwa sababu bei zimepangwa na mwenye malori kumi. Tunarudi 1964.

#40 Bi_Mkubwa_Ng'ambo

Magoti ni umri, mwanangu. Yangu nayo yamekataa na sikuwahi kuuza gazeti.

#41 Mwamba_wa_Kilosa

Mzee #38, ulimjibu nini kuhusu Tanga?

#42 MzeeWaBelgrave

Nilimwambia Desemba naenda. Akasema nimletee ndimu za kukausha, za huku hazina harufu.

#43 Mama_Lishe_Dalston

Ndimu forodhani wanaweza kukuzuia nazo, uliza kwanza. Jumamosi hii nipo Ridley Road kuanzia saa mbili asubuhi, anayetaka muhogo mbichi aniandikie leo. Safari hii umekuja mwembamba, mzuri wa kuchemsha.